Mleta mada, simamisha hicho kijiko

Simamisha hicho kijiko, hiyo mashine ya kuchimbua udongo, mkuu. Hata kama dereva umeshamlipa nusu, mpigie umwambie asije. Maelezo yanafuata, lakini hilo lifanyike kwanza, maana leo Alhamisi na wewe umesema Jumamosi.

Kwa waliochelewa kuingia kwenye uzi: mleta mada kapata kiwanja cha mita 20 kwa 30 kule Buswelu, hapa Mwanza, kimejaa pori. Jumamosi kijiko kinaingia kusafisha mpaka udongo uonekane, wiki inayofuata anapiga sumu ya magugu yasirudi, halafu anapanda bustani ya maua ya kuwasaidia nyuki na vipepeo, na pembeni anaweka pasheni na ngogwe (nyanya chungu) za nyumbani. Ameuliza mambo manne: anunue mbegu gani za maua na wapi, mizinga mingapi itaenea, watoto watakuwa salama vipi, na kiangazi amwagilie kwa maji gani. Waliotangulia wamemjibu kwa utaratibu na kwa adabu. Mimi utaratibu umenishinda. Nimefika kwenye neno "kusafisha" tumbo likanikata, kwa sababu hayo ndiyo niliyoyafanya kwangu Luchelele, Mwanza hapahapa, mwaka 2019, hatua kwa hatua, hata sumu ya magugu sikuiacha.

Unataka kuwafukuza nyuki ili upate nafasi ya kupanda maua ya nyuki. Isome tena hiyo taratibu.

Kiwanja changu kiko mteremkoni, juu mawe, chini ziwa. Udongo ni luseni, ule wa mchangamchanga unaoshuka kutoka kwenye mawe. Nilipokinunua mwaka 2018 kilikuwa na nyumba ya vyumba viwili, choo cha nje, na vichaka ambavyo sikujua jina hata la kimoja. Nyuma ya choo lililala gogo kavu la mti ulioanguka zamani, limetobolewa matundu ya duara kama ya keekee. Kwenye waya wa uzio wa zamani yalikuwa yametambaa mashina mawili ya pasheni ya njano. Hakuna aliyeyapalilia, hakuna aliyeyamwagilia. Msimu ule tulikula pasheni mpaka watoto wakazikimbia. Tuligawa kwa ndoo: kanisani, kwa majirani, kwa vijana wa bodaboda pale kijiweni.

Nikapiga hesabu. Kama mashina mawili yasiyotunzwa yanatoa hivi, mashina kumi na mawili yaliyotunzwa yatalipa ada ya shule. Wakati huohuo nilikuwa naangalia sana video za watu wa Ulaya wanaogeuza nyasi za uani kuwa maua ya nyuki, na kusema kweli zilinigusa. Nilitaka kwa moyo wote kufanya kitu kizuri. Ndiyo maana nakuelewa, mkuu, na ndiyo maana nimekasirika kiasi hiki. Anayeharibu kwa nia mbaya atachoka siku moja. Anayeharibu akidhani anasaidia atamwagilia mpaka mwisho.

Nikatafuta fundi bustani. Simtaji jina wala mtaa, kama anasoma hapa anajijua. Alizunguka kiwanja dakika tano, mikono nyuma, akasema: "Bosi, kwanza tusafishe. Huwezi kupaka rangi ukuta wenye tandabui." Nikaona huyu ndiye mtaalamu. Hakuniuliza kinachochanua pale ni nini. Hakuniuliza nani anakuja kwenye hayo maua. Hakuinama hata mara moja kutazama chini. Mtu anayejiita fundi wa bustani anaingia mahali penye uhai wote ule na anachoona ni uchafu tu, halafu analipwa. Hasira niliyonayo kwake haijapoa, na siombi radhi.

Kijiko kilifanya kazi nusu siku, Februari 2019. Yale mashina mawili ya pasheni yalikwenda na waya wake. Fundi alisema tutapanda mapya, yaliyo bora. Lile gogo walitaka kulipasua kuni, ila kijana aliyeshika shoka akaruka nyuma: "Limejaa madudu!" Wakaliwashia moshi wa majani mabichi. Nilikuwa nimesimama hatua kama sita hivi. Wakaanza kutoka, weusi, wakubwa kama kifundo cha kidole gumba, wengine wana mkanda wa njano mgongoni, wakivuma kama pikipiki ya mbali. Hawakumwuma mtu. Walizunguka ndani ya moshi, wakaenda, wakarudi palepale, wakaenda, wakarudi. Hata gogo lilipokwisha kupasuliwa na kupakiwa kwenye mkokoteni, jioni ile wapo waliokuwa bado wanaelea juu ya pale lilipokuwa limelala, wakitafuta tundu. Mimi nikamwambia mke wangu, afadhali, watoto wasije wakaumwa.

Hilo ndilo kosa. Mengine yote niliyofanya yalikuwa matumizi mabaya ya fedha, lakini hilo lilikuwa kosa hasa.

Fedha nazo nitakutajia uzione. Kijiko 350,000. Fundi na vijana wake 400,000. Sumu ya magugu pamoja na kukodi bomba 110,000. Nyasi za kapeti za mbele ya nyumba 480,000. Miche 46 ya maua kwa 5,000 kila mmoja, 230,000: bogenvilia, waridi, alamanda na lantana. Pakiti sita za mbegu mchanganyiko, zimechorwa nyuki nje, 90,000. Jumla shilingi 1,660,000, na hapo sijahesabu nguzo na waya wa pasheni.

Mbegu za pakiti ziliota masika, zikachanua wiki tatu, za bluu na nyeupe, nzuri kweli, tukapiga picha. Juni ilipokausha ardhi zikafa zote, hazikuacha hata mche. Kwao Ulaya mvua inanyesha kidogokidogo na jua ni la upole. Hapa kwetu masika ikikatika mwezi wa tano unasubiri vuli ya mwezi wa kumi, na luseni haishiki maji.

Sasa pasheni. Mashina kumi na mawili niliyapanda Aprili 2019 kwa samadi ya ng'ombe, yakapanda waya vizuri, na kufika Februari 2020 yakaanza kuchanua. Mkuu, yalichanua! Saa saba mchana ukisimama pale unaona maua mia na zaidi yamefunguka, harufu imejaa uani. Nikaanza kutafuta mnunuzi sokoni. Jioni maua yote yanafunga. Kesho yake yamelegea. Keshokutwa yako chini, ya njano, unayakanyaga. Wiki ya kwanza nikasema ni jua. Wiki ya pili nikasema maji. Wiki ya tatu nikabeba maua yaliyoanguka kwenye mfuko wa rambo nikaenda duka la pembejeo.

Hapo ndipo nikakutana na mshauri wa pili, na huyu namlaumu kuliko fundi, kwa sababu huyu alisoma. Mara ya kwanza akaniuzia mbolea ya majani, busta, akasema mmea una njaa. Maua yakaongezeka, na yakaanguka zaidi. Mara ya pili akaangalia lile ua nusu dakika akasema, "Wadudu hawa, wanaangusha maua." Akaniuzia dawa ya wadudu na kunielekeza nipulize maua yakiwa wazi, ipenye ndani.

Nikapuliza. Saa saba mchana, maua wazi, siku tatu katika wiki, mwezi mzima. Kama kulikuwa na nyuki mmoja aliyenusurika na kijiko na moshi, akajaribu kurudi kwenye ua langu, nilimkuta mlangoni. Niliifanya kazi hiyo kwa mikono yangu na kwa bidii. Nikikumbuka hapo najisikia vibaya mpaka leo.

Aliyenifungua macho ni mayu mmoja jirani, mama mtu mzima, amelima mteremko ule tangu kabla hapajapimwa viwanja. Alipita akanikuta na bomba mgongoni. Tukasalimiana, akakaa kimya kidogo akiangalia yale maua, akaniuliza: "Baba, wale weusi waliokuwa kwenye gogo mliwapeleka wapi?" Nikamwambia tuliwafukuza. Akasema, "Mh. Basi pasheni utaila kwa macho." Akaendelea na safari yake.

Nilikasirika, nikadhani ni maneno ya wazee. Usiku nikaanza kusoma, na kesho yake saa saba nikaenda kulitazama ua lenyewe kwa karibu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nipande.

Lilinganishe na kiganja chako, linakijaza. Chini kuna duara la nyuzi za zambarau na nyeupe zinazolinda sukari. Katikati kuna kinguzo. Kwenye kinguzo vimening'inia vifuko vitano vya chavua, vimetazama chini. Juu yake vipo vichwa vitatu vya kijani, na hivyo ndivyo vinavyopokea chavua ili tunda liingie. Vikonyo vyake huanza vimesimama, kisha mchana vinainama polepole mpaka vinakuwa usawa wa vile vifuko. Nilikaa pale nikaona nyuki wa asali anaingia. Anatembea kule chini kwenye sukari, anakunywa, anatoka. Kati ya mgongo wake na vifuko kuna nafasi ya kupitisha kidole. Hajagusa kitu. Mizinga kumi isingenisaidia.

Yule nyuki mweusi mkubwa wa kwenye gogo akiingia, nafasi hiyo anaijaza yeye. Mgongo unasugua vifuko vyote, anatoka na unga wa njano mgongoni kama kuli aliyebeba gunia lililotoboka, na akifika ua la pili anaupaka kwenye vile vichwa vilivyoinama. Na lazima liwe ua la shina jingine. Pasheni ya zambarau, ile ya nyanda za baridi, inaweza kujizalisha kwa chavua yake, lakini ya njano inaikataa. Ndiyo maana mashina mawili yalitosha yalipokuwa na msafirishaji, na mashina kumi na mawili hayakutosha yalipokosa. Ua la njano linafunguka kama saa sita mchana na likifunga jioni halifunguki tena. Ana mchana mmoja tu, na mimi nilikuwa nautumia kumwagia sumu.

Basi ikabidi niwe nyuki. Tangu hapo, kila siku saa saba, jua la utosi, naenda na kidole: gusa vifuko vya shina hili, paka vichwa vitatu vya shina lile, ua baada ya ua. Maua arobaini, hamsini, mgongo unauma. Kila niliyoyapaka vizuri yalishika. Unaona siku ya tatu kimekuja kijitunda cha kijani ukubwa wa punje ya mahindi, nyuma ya petali zilizonyauka. Nilifurahi, halafu furaha ikageuka huzuni, maana kazi ninayoifanya kwa saa mbili, nikiacha shughuli zangu, nilikuwa naipata bure na nikalipa watu waiondoe.

Niende kwenye jambo ambalo watu wengi hawalijui. Tukisema nyuki tunamfikiria wa mzinga, mwenye malkia na asali. Duniani kuna aina za nyuki zaidi ya 20,000, na wengi wao hawana malkia, hawana mzinga, na hawana asali ya kukupa. Kila jike anajenga peke yake na kulea peke yake. Kama saba katika kila kumi wanachimba ardhini. Wengine wanakaa ndani ya vijiti vikavu vyenye uwazi, wengine kwenye nyufa za mawe, na hao weusi wanatoboa mbao kavu. Kwa sababu hawana ukoo wa kuulinda hawakuvamii. Dume hana hata mwiba. Atakuja mbele ya uso wako akuvumie kama askari, basi, mwisho wa uwezo wake ndio huo.

Pale mbele ya nyumba yangu palikuwa na kipande cheupe cha luseni kisichoota kitu, kina vitundu vidogo vingi, kila kitundu na kirundo chake cha mchanga. Nilidhani ni sisimizi. Ndipo nilipotandika kapeti ya 480,000.

Na wewe umesema utapanda ngogwe. Ngogwe, nyanya na bilinganya chavua yao imefungiwa ndani ya vifuko vyenye kitundu nchani, kama kichupa cha chumvi. Ili itoke, nyuki hulikumbatia ua na kulitetemesha kwa misuli ya kifua chake. Ukitega sikio unasikia mlio unapanda ghafla, mkali kuliko ule wa kuruka. Nyuki wa asali kazi hiyo haifanyi. Mweusi wa kwenye gogo anaifanya, na wapo wadogo wa ardhini wanaoifanya. Usipokuwa nao, upepo utakutikisia kidogo na utashangaa kwa nini ngogwe zako zimedumaa.

Kuhusu hiyo miche ya dukani niseme kidogo, maana uliulizia ununue nini. Bogenvilia ni ya Amerika ya Kusini, na ile rangi unayoipenda ni majani. Ua lenyewe ni kile kijidude cheupe katikati, chembamba kama njiti. Waridi za matabaka mengi zimezalishwa mpaka vifuko vya chavua vimegeuka petali, nyuki anazunguka juu hapati mlango. Lantana ndiyo iliyoniuma. Muuza miche aliniambia ndilo ua la vipepeo, na kweli wanakuja, nami nikawa nawaita wageni waone. Lakini kipepeo anakuja kunywa tu, hatagi pale. Kiwavi wake anataka majani aliyoyazoea tangu enzi na enzi. Yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano anataga kwenye limau na jamaa zake; kiwavi akiwa mchanga utadhani ni kinyesi cha ndege, ukimgusa anatoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu. Kwangu nilikuwa namuua kila nikimwona kwenye mlimau, halafu nanunua lantana ili nipate vipepeo.

Na lantana haikai pale ulipoipanda. Ndege wanakula vile vitunda vyeusi na kuvipeleka kwenye mawe huko juu. Sisi wa Mwanza hatuhitaji kuhubiriwa jambo hili. Gugu maji lilitoka Amerika ya Kusini, likasambazwa duniani kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 limo ziwani mwetu. Waliokuwa wakienda mwaloni, pale mitumbwi ya samaki inapotia nanga, miaka ya 1990 wanakumbuka mitumbwi inashindwa kutoka. Walioanza nalo walikuwa wapenda maua, kama mimi, kama wewe.

Kanuni yangu ni moja, na sitakuambia nyingine: usikate mmea ambao hujauona ukichanua. Basi. Huujui jina, sawa. Unaonekana mbaya, sawa. Usikate mpaka umeuona ua lake na umekaa mbele yake dakika kumi asubuhi, kumi saa saba, kumi jioni, ukaona nani anakuja. Kwa hali ya hewa yetu maana yake ni mwaka mzima: vuli, kile kiangazi kifupi cha Januari na Februari, masika, na kiangazi kirefu cha Juni mpaka Septemba. Kuna mmea utakaokaa kijiti miezi tisa, ukiwa mahali ambapo fundi angeng'oa bila kuuliza, halafu wiki mbili za Agosti ndio peke yake wenye chakula mtaa mzima.

Mimi nilijifunza kwa nusu ya nyuma ya kiwanja niliyoiacha irudi yenyewe. Mayu akanipa majina. Kivumbasha kikatangulia, kile cha harufu kali. Kikichanua hicho, asubuhi kinavuma kabla hujakiona. Mgagani ukaota, nikazuia watu wasiuchume wote, baadhi ukae utoe maua. Mlenda. Mtugutu ukachipua kutoka mizizi ambayo sumu haikuifikia, nikakata vijiti na kuvichomeka kwingine vikashika. Kwenye mawe kulikuwa na mshubiri sikuwahi kuutazama. Kiangazi, wakati kila kitu kimekauka, unatoa mkuki wa maua mekundu na ndege chozi wanagombana juu yake tangu alfajiri. Marejea, mmea wa jamii ya kunde, ndiyo niliyotafuta mbegu na kupanda makusudi, pamoja na fiwi, kwa sababu maua yao yamefungwa kama mdomo na yanataka mdudu mzito wa kuyafungua. Wale weusi wanayapenda mno. Yote hayo ni ya kwetu, na baada ya msimu wa kwanza sijayamwagilia hata kopo.

Najua kuna watakaosema huyu anakaa kulilia madudu. Semeni. Najua pia swali litakalokuja la nyoka. Kuzunguka nyumba nimeacha mita tano nyasi fupi, hilo sibishani nalo, na njia ya kwenda chooni ni hivyohivyo. Na mwenyekiti wa mtaa alinijia kuhusu pori. Nilichofanya ni kukata ukingo wa barabarani upana wa mita moja, ulionyooka, na kuweka mawe mstari. Watu wakiona ukingo umenyooka wanajua mwenyewe yupo na anajua anachofanya. Hajarudi tena. Na ndiyo, kanuni ina wa kuachwa nje: lantana ukiitambua kwa shina lake la pembe nne lenye vimiba na jani linalokwaruza na kunuka, ing'oe hata kabla haijachanua, na mizizi yake. Mimi bado nang'oa, mwaka wa sita huu.

Magogo nayo. Nilinunua mawili makavu ya mwembe kwa mchoma mkaa, akaniuliza nataka kuchoma nini, nikamwambia siyachomi. Moja nimelilaza palepale nyuma ya choo, jingine nimelining'iniza chini ya paa la banda lisilowe mvua. Mwaka 2020 hakuja mtu. 2021 hakuja mtu, na niliendelea na kidole. Nilishakubali kwamba nimewamaliza.

Aprili 2022, mchana, niko bandani natafuta kamba, nikasikia kitu kama mtu anapiga msasa polepole. Kimya. Kikaanza tena. Nikadhani panya. Halafu nikaona chini ya gogo unga umedondoka, rangi ya sembe, kirundo cha kujaa kijiko cha chai. Nikachuchumaa, nikatazama juu: tundu moja, duara kamili, na ndani yake makalio meusi yanayong'aa yanarudi kinyumenyume, yanasukuma unga nje. Nilikaa chini ya lile gogo mpaka mke wangu akaja kunitafuta. Nikamwonyesha kwa kidole bila kusema kitu, naye akakaa.

Msimu ule nilipaka maua kwa mkono mpaka katikati ya Mei, halafu nikaacha kuona itakuwaje. Hazikuwa ndoo za mwaka 2018, lakini zilishika. Sasa hivi matundu ni kumi na moja, nayahesabu kila Jumapili.

Kwa hiyo mkuu, Jumamosi nenda kiwanjani na daftari na kofia, kijiko kisiwepo. Tembea polepole. Tazama chini kabla hujakanyaga mahali palipo wazi. Kila mti mkavu utakaouona, hata uwe mbaya kiasi gani, uache umesimama. Kila kichaka usichokijua kifunge kitambaa, andika tarehe.

Mimi marejea yangu yamekauka wiki hii, maganda yakitikiswa na upepo yanalia kama kayamba. Nimejaza chupa ya maji ya lita moja na nusu, mbegu tupu, inatosha kiwanja chako na cha jirani yako. Iko hapa juu ya kabati, nimeiandika "Buswelu". Itakufikia wiki ijayo kwa bodaboda, ukishaniwekea hapa picha ya Jumapili asubuhi na hilo pori likiwa bado limesimama.